Chifu Aliyekataa Kuchagua: Maisha ya Albert Luthuli wa Groutville

Katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka mmekwisha kusoma hesabu za fedha, orodha ya watoto waliosaidiwa karo, na majina ya wenzetu tuliowazika. Ni desturi kwamba kurasa za mwisho ziwe za historia, na mwaka huu Halmashauri imeniagiza mimi karani niziandike. Habari yenyewe sikuichagua ovyo. Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza kama inafaa mtu anayekula mshahara wa Serikali kukaa katika Halmashauri ya Chama chetu. Ndugu mwingine, ambaye ni naibu wa chifu, akajibu kwa uchungu kwamba yeye alikuwa mtoto wa hapa kabla hajawa mtumishi wa mtu yeyote. Maneno yakawa mengi, jua likachwa, na kumbukumbu za mkutano zinaonyesha tu kwamba shauri liliahirishwa. Nilipokuwa nikizinakili kumbukumbu hizo, nilimfikiri chifu mmoja wa Afrika ya Kusini aliyeulizwa swali hilo hilo na Serikali yake, akapewa siku chache za kulijibu.

Jina lake kamili ni Albert John Mvumbi Luthuli. Mvumbi ndilo jina alilolipenda zaidi, na kwa Kizulu maana yake ni mvua inyeshayo mfululizo. Alizaliwa mwaka 1898 hivi karibu na Bulawayo, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, kwa kuwa baba yake alikuwa huko akifanya kazi ya ukalimani kwa wamisionari. Baba akafa mtoto akiwa bado mchanga. Mama yake, Mtonya Gumede, akamrudisha kwao Natal akiwa na umri wa miaka kumi hivi, akamweka nyumbani kwa amu yake Martin Luthuli, aliyekuwa chifu wa Groutville.

Hapana budi nieleze kidogo Groutville ni mahali gani, kwa sababu pasipo kujua jambo hili mambo yote yafuatayo hayatafahamika. Ni rizavu ya misheni, kaskazini ya Durban, si mbali na pwani, kando ya mto Umvoti. Wamisionari wa Kimarekani ndio walioianzisha katika karne ya 19, na jina lake ni la mmoja wao, Aldin Grout. Wakristo wa pale walikuwa na desturi ambayo haikuwa ya Wazulu wengine: uchifu wao haukurithiwa. Watu walikaa baraza wakamchagua wamtakaye, kisha Serikali ikamthibitisha na kumlipa. Babu yake Luthuli, Mzee Ntaba, aliwahi kuchaguliwa hivyo, na amu yake Martin pia. Basi tangu mwanzo kiti kile kilikuwa na miguu katika nyua mbili. Watu ndio waliotoa heshima, Serikali ikatoa mshahara. Na maadamu hizo mbili hazikugombana, aliyekalia kiti hakuona taabu.

Luthuli alisoma katika shule ya misheni pale kijijini, kisha kwa muda mfupi Ohlange, shule iliyoanzishwa na John Dube, ambaye mwaka 1912 alikuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Akaenda Edendale, akapata cheti cha ualimu, akafundisha peke yake katika shule ndogo ya mashambani. Mwaka 1920 akapata msaada wa karo kuingia Adams College, na alipomaliza akabakizwa hapo kuwa mwalimu, akafundisha Kizulu na muziki. Watu wa vyama watapenda kujua kwamba mwaka 1928 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha walimu Waafrika wa Natal, na mwaka 1933 akawa rais wake. Mwaka 1927 alimwoa Nokukhanya Bhengu, naye mwalimu, na Mungu akawajalia watoto saba.

Maisha ya Adams yalikuwa ya raha kwa kipimo cha Waafrika wa nchi ile: nyumba, vitabu, kwaya, mshahara usiokosekana mwisho wa mwezi. Ndipo wazee wa Groutville walipomwendea mwaka 1933 wakimwomba awe chifu wao. Alisita miaka miwili. Simlaumu. Mshahara wa chifu ulikuwa haufiki hata sehemu moja ya tano ya mshahara wake wa ualimu, naye alikuwa na watoto wa kusomesha. Mwishoni mwa mwaka 1935 akakubali, na Januari 1936 akaanza kazi. Kuanzia siku hiyo, aliyeilisha nyumba ile kwa hakika ni Mama Nokukhanya, kwa jembe lake, katika shamba la miwa na mboga. Vitabu vingi vya historia vinampita mama huyu kwa mistari miwili mitatu. Nami pia nitampita kwa sasa, lakini wasomaji wakumbuke kwamba kila mara nitakapoandika kwamba chifu alifungiwa, alikamatwa au alisafiri, shamba lilikuwa likilimwa.

Luthuli alisema baadaye kwamba uchifu ndio uliomfumbua macho. Adams alikuwa ameishi na vitabu. Groutville aliishi na watu wapatao 5,000 waliobanana katika ardhi isiyotosha. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewaachia Waafrika kiasi cha asilimia 7 tu ya nchi yao wenyewe, na ile ya mwaka 1936 ikaahidi kuongeza hata ifike asilimia 13 hivi. Kila shauri lililoletwa mbele ya chifu, la mpaka, la ng'ombe aliyeingia shambani, la kijana aliyetorokea Durban asirudi, lilikuwa na mzizi wake katika ufinyu huo. Tena akawaruhusu wanawake kusema katika baraza na kusaidia katika uongozi wa kijiji, jambo ambalo wazee wengi wa siku zile hawakulizoea.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote, nami nakiri ni kwa sababu ya kazi yangu ya ukarani, ni ile ya wakulima wa miwa. Mwaka 1936 Serikali ilitoa sheria ya sukari iliyoweka kiasi cha miwa ambacho kila mkulima angeweza kupeleka kiwandani. Mzungu mwenye shamba kubwa hakuona shida. Mwafrika mwenye vipande viwili vya ardhi, mwaka wa mvua mbaya hakufikia kiasi chake, na mwaka wa mvua nzuri miwa iliyozidi ilimwozea shambani. Luthuli akakifufua chama cha wakulima wa miwa wa Groutville, kisha akaunganisha vyama vya Natal na nchi ya Wazulu kuwa kimoja. Wakaandika barua, wakatuma wajumbe, wakakaa na wenye viwanda. Mwisho wake sheria ikabadilishwa, na kiasi kikahesabiwa kwa wakulima Waafrika wote pamoja badala ya mtu mmoja mmoja, hata yule aliyepungukiwa akajazwa na mwenzake aliyezidi, na miwa isipotee. Ni ushindi mdogo, hauonekani katika picha za magazeti. Lakini kila mwanachama aliyewahi kuchanga fedha za mazishi ya mtu asiye wa ukoo wake ataufahamu mara moja.

Huo ulikuwa ushindi mmoja. Barua nyingine zilijibiwa kwa namna tunayoijua sote tuliowahi kubisha katika ofisi za wakubwa: barua yako imepokewa, inashughulikiwa. Mwaka 1946 Luthuli aliingia katika Baraza la Wawakilishi wa Wenyeji, lililoundwa ili Waafrika wapate kuishauri Serikali. Aliingia mwezi mbaya. Agosti mwaka huo wachimbaji wa dhahabu zaidi ya 70,000 walikuwa wamegoma, polisi wakawarudisha mashimoni kwa nguvu, na watu wakafa. Wajumbe wa Baraza walitaka maelezo wasiyapate, wakaahirisha mkutano kwa hasira. Mmoja wao alilifananisha Baraza lile na simu ya kuchezea watoto: unasema ndani yake, na upande wa pili hapana mtu.

Katika miaka hiyo alisafiri ng'ambo mara mbili kwa shughuli za kanisa, India mwaka 1938 na Marekani mwaka 1948, na katika safari hiyo ya pili alikaa miezi tisa akihutubia makanisani na vyuoni. Mwezi Mei 1948 chama cha Wazungu kilichoitwa National Party kilishinda uchaguzi kwa neno moja, apartheid, yaani kila rangi na mahali pake, na mahali pa Mwafrika pawe chini. Ubaguzi haukuanza siku hiyo. Watu wa Groutville walikuwa wameishi ndani yake maisha yao yote. Lililokuwa jipya ni kwamba sasa uliandikwa ukawa sheria juu ya sheria. Mwaka 1950 kila mtu aliandikishwa kwa rangi yake, na miji ikagawanywa kwa rangi. Mwaka 1951 machifu wakafanywa watumishi wa mpango huo. Mwaka 1952 ikatoka sheria ambayo jina lake lilisema inafuta pasi, na kazi yake ikawa kumpa kila Mwafrika mtu mzima kitabu kimoja cha pasi, wanawake nao wakiwamo. Waliosimuliwa na baba zao habari za kipande wataelewa upesi. Hapa kwetu wanaume walikivaa kipande shingoni katika kikopo cha bati tangu miaka ya 1920, nacho kiliondolewa baada ya Vita Vikuu vya pili. Wakati sisi tunavuliwa, wenzetu walikuwa wakikazwa.

Luthuli alikuwa amejiunga na Congress katikati ya miaka ya 1940, na mwaka 1951 akachaguliwa kuwa rais wake katika jimbo la Natal. Tarehe 26 Juni 1952 Congress, pamoja na chama cha Wahindi, ikaanza kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi kwa makusudi na bila kupigana. Watu waliingia milango ya stesheni iliyoandikwa Wazungu peke yao, au walikaa nje usiku pasipo ruhusa, kisha wakasubiri askari kwa utulivu. Kabla mwaka haujaisha zaidi ya 8,000 walikuwa wamekamatwa. Chifu wa Groutville hakuvunja sheria kwa mkono wake, lakini alisimama hadharani akawahimiza watu waliojitolea.

Ndipo Serikali ilipomwita Pretoria. Mkuu wa idara ya mambo ya Wenyeji, Dk. Eiselen, alimwambia kwa adabu kwamba hawezi kuwa vyote viwili: ama ajiuzulu Congress, ama ajiuzulu uchifu. Akapewa muda wa kufikiri.

Naomba wasomaji wasimame hapa kidogo pamoja nami, kwa kuwa ndilo jambo lililonifanya niandike. Hoja ya Serikali haikuwa ya kipumbavu. Chifu alikuwa akilipwa kutekeleza sheria. Je, mtu yule yule anaweza kuwashauri watu wazikaidi? Mzee wetu katika mkutano mkuu aliuliza karibu neno hilo hilo, ila kwa upande wa pili: je, anayelipwa na Serikali anaweza kuwa wetu kweli? Wote wawili walichukulia kwamba mtu ni wa yule anayemlipa. Luthuli hakukubali msingi huo. Alijibu kwamba haoni mgongano wowote, kwa maana chifu ni kiongozi wa watu wake kwanza, na ndani ya Congress alikuwa akidai yale yale aliyoyadai barazani: ardhi, elimu, na haki ya mtu kuhesabiwa kuwa mtu. Hakujiuzulu uchifu. Hakujiuzulu Congress. Kama Serikali ilitaka moja kati ya hayo liondoke, basi iliondoe yenyewe, na watu waone ni mkono wa nani ulioliondoa.

Novemba 1952 Serikali ikamwuzulu. Akatoa tamko ambalo lilisomwa nchi nzima. Humo alisema kwamba kwa miaka thelathini amebisha kwa upole na kwa uvumilivu katika mlango uliofungwa kwa komeo, na kwamba katika miaka hiyo hakupata ila sheria zilizozidi kumbana. Mwezi uliofuata, Congress ya nchi nzima ikamchagua kuwa Rais Mkuu wake, mahali pa Dk. Moroka. Serikali ilimtoa mtu katika kiti cha watu 5,000, na baada ya mwezi mmoja akakalia kiti cha Waafrika wa nchi nzima.

Majuma hayo hayo hapa Kenya yalikuwa ya giza. Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa risasi; tarehe 20 ikatangazwa hali ya hatari. Mzee Koinange wa Mbiyu, aliyekuwa chifu mkuu wa Kiambu, alikamatwa, mahakama ikamwona hana hatia ya mauaji yale, na hata hivyo akawekwa kizuizini miaka mingi, akafa mwaka 1960. Siandiki haya ili kupima nani alikuwa mwema kuliko mwenzake. Jamaa za wote wawili wako hai na wanastahili heshima. Naandika kwa sababu yanaonyesha kwamba mwaka 1952 kiti cha uchifu kilikuwa cha moto katika nchi zaidi ya moja, na mtu aliweza kuungua akiegemea upande wowote.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka, maana ilikuwa na amri nyingi zinazofanana. Mwaka 1953 alikatazwa kuingia miji mikubwa na kuhudhuria mikutano. Mwaka 1954, mara tu amri ya kwanza ilipokwisha, alikwenda Johannesburg kupinga kuhamishwa kwa watu wa Sophiatown, akapewa amri ya pili ya miaka miwili, asitoke wilaya ya kwao. Kwa hiyo watu walipokusanyika Kliptown tarehe 25 na 26 Juni 1955 kuupitisha Mkataba wa Uhuru, Rais Mkuu wa Congress alikuwa nyumbani Groutville. Siku hiyo alitunukiwa heshima ya Isitwalandwe, ambayo zamani ilikuwa ya mashujaa, naye hayupo kuipokea. Desemba 1956 polisi walimchukua kitandani alfajiri, akawa mmoja wa washtakiwa 156 wa kesi ya uhaini. Baada ya mwaka mmoja akaachiliwa, na hata waliobaki kizimbani hadi Machi 1961 wote walionekana hawana hatia. Mwaka 1959 alipata nafasi ya kuzunguka nchi akihutubia, na Wazungu wengi walikuja kumsikiliza. Serikali ikaogopa, akapewa amri ya miaka mitano.

Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, watu walioitwa na chama kingine, Pan Africanist Congress cha Robert Sobukwe, walikwenda kituo cha polisi bila pasi zao. Polisi wakawapiga risasi, na hesabu iliyotolewa ya waliokufa ilikuwa 69. Siku tano baadaye, katika mji wa Pretoria alikokuwa ameitwa kutoa ushahidi, Luthuli alichukua kitabu chake cha pasi akakitia moto, akawataka watu wakae nyumbani tarehe 28 kuwaomboleza waliokufa. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini, mgonjwa wa shinikizo la damu, na katika maisha yake yote aliheshimu karatasi za Serikali. Kwa mtu wa namna yake kuchoma karatasi si jambo dogo. Alikamatwa, akapigwa kofi na askari, akakaa kizuizini miezi kadhaa, akatozwa faini. Tarehe 8 Aprili Congress ikapigwa marufuku, na hivyo akawa rais wa chama ambacho sheria ilisema hakipo.

Oktoba 1961 ikaja habari kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Serikali ya nchi yake ilitangaza kwamba haoni kuwa anastahili, ila ikampa ruhusa ya siku chache za kwenda na kurudi. Tarehe 10 Desemba alisimama mjini Oslo mbele ya Mfalme Olav wa Norway, naye amevaa mavazi ya uchifu wa Kizulu. Kumbukeni kwamba kwa karatasi za Pretoria hakuwa chifu tangu miaka tisa iliyopita. Lakini hakuna aliyemwita kwa jina lingine, wala huko Oslo wala kwao. Chifu lilikuwa jina lake mpaka kufa. Kesho yake alitoa hotuba ndefu juu ya Afrika, na mwisho akaimba wimbo wa Enoch Sontonga, Nkosi Sikelel' iAfrika, na Waafrika waliokuwamo wakauitikia. Siku mbili kabla, Tanganyika ilikuwa imepata uhuru, na wimbo wake wa taifa ni kwa sauti hiyo hiyo.

Nisifiche jambo moja lililo gumu. Tarehe 16 Desemba 1961, siku sita baada ya tuzo ya amani, mabomu ya kwanza ya Umkhonto we Sizwe, jeshi la siri lililoongozwa na Nelson Mandela, yalilipuka katika majengo ya Serikali. Luthuli alikuwa ameshikilia njia ya kutopigana. Na mkutano wa viongozi wa mwaka huo uliishia katika suluhu, kwamba jeshi liwe mbali na Congress yenyewe. Wanahistoria wamebishana sana juu ya kiasi cha kukubali kwake. Mimi naona mwenendo wake ulikuwa ule ule wa mwaka 1952. Hakuiacha njia yake, wala hakuwaacha watu wake. Mandela na wenzake walipohukumiwa kifungo cha maisha Juni 1964, Luthuli alitoa tamko kwamba hawezi kuwalaumu watu jasiri na waadilifu kwa kutafuta haki kwa njia hiyo, kwa kuwa njia za amani zilikuwa zimefungwa mbele yao.

Fedha za tuzo hazikujenga nyumba ya fahari. Zilinunua mashamba Swaziland kwa ajili ya wakimbizi, na Mama Nokukhanya, ambaye niliahidi kutomsahau, alikuwa akienda huko kulima na kusimamia, kisha akirudi Groutville kulima kwake. Mume wake alikuwa haruhusiwi hata maneno yake kuchapishwa magazetini. Wanafunzi wa Glasgow walimchagua kuwa mkuu wao wa heshima mwaka 1962, asiweze kwenda. Juni 1966 Robert Kennedy wa Marekani alimfuata kwa helikopta, wakazungumza chini ya miti.

Tarehe 21 Julai 1967, asubuhi, Chifu alitoka nyumbani kwa miguu kwenda kuangalia duka na shamba lake, kama ilivyokuwa kawaida yake. Ilimpasa kuvuka daraja la reli juu ya mto Umvoti. Alikutwa ameumia vibaya kichwani, akapelekwa hospitali ya Stanger, na alasiri akafa. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka huo uliandika kwamba aligongwa na gari la moshi kwa ajali. Watu wa Groutville na jamaa zake hawakusadiki. Chifu aliijua njia ile kama kiganja cha mkono wake, nao askari kanzu walimfuata miaka kumi na tano.

Tarehe 27 Aprili 1994, katika uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, Nelson Mandela alichagua kwenda kupiga kura yake Ohlange, katika shule ile ile ya John Dube ambamo Luthuli alikaa kwa muda akiwa kijana. Mama Nokukhanya aliiona siku hiyo. Alifariki Desemba 1996, akiwa na miaka zaidi ya tisini.

Mwaka 2025 shauri la kifo cha Chifu lilifunguliwa tena katika Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg. Wataalamu walieleza jinsi gari la moshi linavyomuumiza mtu, na jinsi majeraha yale yasivyolingana nalo. Tarehe 30 Oktoba 2025 jaji aliitangua hukumu ya mwaka 1967, akaamua kwamba Albert Luthuli alikufa kwa kupigwa, na kwamba waliohusika walikuwa polisi wa upelelezi wakishirikiana na watumishi wa reli. Tangu asubuhi ile ya darajani ilikuwa imepita miaka 58. Kaburi lake lipo pale pale Groutville, katika uwanja wa kanisa, na jirani yake ni kaburi la mkewe.